Aliyekuza Aoshe Vikombe

Kijiwe kilikuwa benchi moja refu lililoegemezwa kwenye ukuta wa duka lisilofunguliwa tena, mguu wake mmoja ukiwa ni matofali yaliyobebana. Mwisho wa kulia alikaa fundi viatu na sanduku lake. Mwisho wa kushoto alikaa mama muuza kahawa, na kwa kuwa birika lake halikuwahi kumtoka mkononi watu walimwita Bi Birika, jina alilolipokea bila kununa maana alishasikia mabaya zaidi. Katikati walikaa wateja, yaani watu wenye kazi zao lakini si saa hiyo. Mbele ilipita barabara, ng'ambo ya barabara kulikuwa na uzio wa mabati, na nyuma ya mabati jengo la ghorofa lilikuwa linapanda huku kreni ya njano ikizunguka juu yake tangu asubuhi hadi king'ora cha kutoka kazini. Kijiwe kililitazama jengo hilo kila siku kwa macho ya wakaguzi, ingawa hakuna aliyekiomba.

Pale benchini palikuwa na sheria moja tu: aliyekuza jambo aoshe vikombe.

Sheria ilitungwa kwa ajili ya Tufani. Huyu alikuwa mpakua mizigo, mtu wa sauti nene na mikono mipana, na zamani hizo hakuwa na habari ndogo. Siku moja aliona maji yakitiririka kutoka kwenye bomba lililopasuka juu ya kilima, akashuka mbio akipiga kelele kwamba tangi la mji limebomoka na mafuriko yanakuja. Watu wakatoka na magodoro vichwani. Kinyozi wa jirani akamwacha mteja kitini, na yule mteja naye akakimbia na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, wala hakurudi tena mtaa ule. Maji yalipofika, yalikuwa hayatoshi kulowesha ndala. Kijiwe kikakaa kikao, kikaamua kwamba kuanzia leo mtu akisema jambo kubwa kuliko lilivyo, ataosha vikombe vyote bombani, mbele za watu, bila kusaidiwa.

Sheria ikafanya kazi vizuri mno. Upepo ulipong'oa paa la mwalimu mstaafu, mwenyewe alifika kijiweni akasema hewa imeongezeka nyumbani. Binti wa Bi Birika alipojifungua mapacha, bibi wao alitangaza kwamba mtoto amezaliwa, na mwenzake. Tufani alianguka kutoka juu ya lori akavunjika mkono, akaja na plasta hadi begani, akaulizwa imekuwaje, akajibu mkono umeteleza. Lakini bingwa wao wote alikuwa fundi viatu. Huyo hata ungemwambia jua limechomoza magharibi angevuta uzi wake akasema "kawaida tu", ndiyo maana watu wakamwita Kawaida, na jina lake la kwao likabaki kwa mama yake.

Ubaya ni kwamba Kawaida aliibeba sheria ile akaenda nayo nyumbani.

Mkewe alifanya kazi kwenye jengo lile lile la ng'ambo. Aliingia pale kufagia, baadaye akahamishiwa kufunga mizigo kwa minyororo, na baadaye tena akaanza kubaki jioni kwa masomo ambayo Kawaida hakuyaulizia. Wiki iliyopita alirudi nyumbani, hakukaa, akasimama mlangoni ameikumbatia kofia yake ngumu kifuani.

— Mume wangu, nimepita mtihani.

Kawaida alikuwa ameinama uvunguni anatafuta ndala yake. Akajibu kutoka huko huko:

— Ah, si kitu. Kawaida tu. Hata wengine wanapita.

Mkewe akafunga mdomo. Maneno mengine yote aliyokuwa ameyaleta yakabaki humo, na tangu siku hiyo akawa anamjibu mumewe kwa lugha ya mumewe. Umelalaje? Kawaida. Chakula kipo? Si haba. Unaumwa? Mambo ya dunia. Mtu aliyezoea kuipunguza dunia nzima alikuta nyumba yake imepungua hadi kubaki na sahani mbili na ukimya katikati, na ukimya ule ulimuuma, ingawa hakumwambia mtu.

Asubuhi ya leo mkewe alimwambia jambo refu kuliko yote ya wiki nzima. Jioni kazini kwao kuna hafla. Kila aliyepandishwa cheo atasimama mbele, na mtu wa nyumbani kwake atasema maneno mawili juu yake.

— Nimemwambia kaka yangu aje, alisema huku anafunga begi.

— Kaka yako wa nini, na mimi nipo?

— Wewe utasema nini?

Kawaida alifungua mdomo akakuta ndani hamna kitu.

— Basi fikiria mpaka king'ora, mkewe akasema. Ukipata la kusema, njoo unipokee getini. Usipopata, kaa huko huko na viatu vyako. Lakini ujue, ukisimama mbele ya wale watu ukasema "kawaida tu", nami naondoka na kaka yangu. Wala isikushtue. Haitakuwa kitu. Kawaida tu.

Akamwachia buti zake za kazi zilizochoka azishone, akavaa za akiba, akatoka.

Ndiyo maana mchana ule Kawaida alikuwa ameshika buti ya mkewe kwa mkono mmoja na sindano kwa mkono mwingine, na hakuna kilichokuwa kikishonwa. Alikohoa.

— Nyumbani kuna kajambo.

Benchi zima likamgeukia. Kwa lugha ya kijiwe, kajambo maana yake nyumba inaungua.

— Anaondoka lini? akauliza Bi Birika.

— Nani kasema anaondoka?

— Mwanamume hasemi "kajambo" kwa sababu ya chumvi kuzidi. Anaondoka lini?

Kawaida akawaeleza yote. Alipomaliza, Bi Birika alijimiminia kahawa mwenyewe, jambo ambalo hulifanya misibani tu.

— Kwa hiyo unatafuta neno, akasema mwalimu mstaafu.

Huyu walimwita Mwalimu Kinyume. Maisha yake yote alifundisha watoto vinyume vya maneno, na hata baada ya kustaafu ukimpa asubuhi njema alikutazama kama anatafuta jioni.

— Natafuta la kusema, Mwalimu.

— Ni lile lile. Ugonjwa wako ni kudogosha. Dawa ni kinyume chake. Tuanze na rahisi. Wewe ulimwambia "si kitu". Kinyume cha "si kitu" ni nini?

— Ni kitu, akasema Tufani.

— Vizuri. Basi asimame aseme: "Ndugu zangu, mke wangu ni kitu."

— Atapigwa na kofia ngumu, akasema Bi Birika. Tena mbele ya mashahidi.

— Sikatai, hilo lilikuwa la kuanzia tu. Kudogosha, kinyume chake ni kukuza. "Nimesimama hapa kumkuza mke wangu."

— Amkuze yeye? akauliza Bi Birika. Na mama yake alikuwa wapi?

— Kutukuza, basi.

— Hiyo ya Mungu, Mwalimu. Utatuletea radi, na paa lako lenyewe bado halijarudi.

— Kuenzi.

Benchi likainamisha vichwa kidogo, kwa adabu.

— Kuenzi ni ya marehemu, akasema Tufani polepole. Watu wataanza kuuliza mazishi ni lini.

— Kuadhimisha.

— Hiyo ya sikukuu. Shemeji si sikukuu.

— Kupigia debe.

— Kwani anagombea?

Mwalimu Kinyume akaweka kikombe chini. Alisema lugha ina kila kitu, ila watu wa benchi hili wanaingia dukani wakiwa wamefumba macho. Alitaka kuongezea methali, lakini Bi Birika akainua kidole akamkumbusha kwamba methali zake zote zilikwisha muda, na ile ya mwisho aliyoitoa ilimfanya mtu auze baiskeli.

Wakati huo kivuli kikapita juu yao. Wote wakainua vichwa. Kreni ilikuwa imebeba tangi kubwa la maji, jeusi, pana kuliko chumba, na ililipeleka juu ya paa la jengo taratibu hata kamba haikuyumba. Chini yake mafundi waliendelea kuchanganya zege kama kwamba hakuna kitu hewani. Tangi likafika mahali pake, likasita, likatua bila sauti.

— Mwoneni yule jamaa, akasema Tufani. Yule jamaa wa kreni, mimi nawaambia, yule ni...

Akaviangalia vikombe.

— Anajitahidi, akamalizia.

— Ana mkono, Mwalimu akakubali, kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishana wala kuosha.

Kawaida hakuinua kichwa kutoka kwenye buti.

— Kuvuta vijiti tu, akasema. Kawaida.

Bi Birika alimtazama mtu yule ambaye ndoa yake ilikuwa imebakiza masaa, na bado mdomo wake unafanya kazi ile ile. Akasimama, akagonga birika kwa kijiko.

— Nasimamisha sheria, akatangaza. Mpaka birika hili liishe, kila mtu akuze apendavyo, na hakuna atakayeosha. Tukibaki na maneno yetu haya ya kunyauka huyu bwana atalala peke yake. Tufani.

— Naam.

— Wewe ndiye mtaalamu. Mfundishe.

Tufani alinyanyuka. Ilikuwa zamani sana tangu aruhusiwe. Alipanua kifua, akainua mikono yake mipana, akavuta pumzi ambayo zamani ingetoa mafuriko, moto na ng'ombe wenye vichwa viwili. Watu waliokuwa wakipita njiani wakapunguza mwendo.

— Ndugu zangu, akaanza. Mke wa huyu bwana... huyu mama... yaani siku alipopita mtihani... ilikuwa...

Wakangoja.

— Ilikuwa si haba, akasema, akakaa.

Hakuna aliyecheka. Tufani mwenyewe aliitazama mikono yake kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta kabati limehamishwa.

— Limekwenda, akasema. Nililitafuta, limekwenda. Mmeniharibu nyie watu.

— Kunywa kahawa, akamwambia Bi Birika. Litarudi.

— Hii ndiyo hoja yangu, akasema Mwalimu Kinyume, ambaye hakuwahi kutoa hoja hiyo. Tumedogosha mpaka vitu vyenyewe vimekuwa vidogo. Mnakumbuka barabara hii ilivyokuwa pana? Magari yalipishana. Leo mkokoteni ukikutana na mkokoteni, mmoja lazima urudi nyuma. Kwa nini? Kila siku tunakaa hapa tunasema "kabarabara". Barabara ina masikio.

— Barabara imebanwa na uzio wa jengo, Mwalimu.

— Na jengo linapanda kwa nini? Kwa sababu ng'ambo ile watu hawana sheria yetu. Wao wanasema makubwa, linapanda. Sisi tunasema madogo, benchi linashuka. Tazama tofali lile, lilikuwa juu ya ardhi, sasa limezama nusu.

Wote wakainama kulitazama tofali. Kweli lilikuwa limezama.

— Hata vikombe, akasema Tufani. Mimi nilikuwa nashiba kikombe kimoja. Siku hizi kimoja hakifiki kooni. Vimenywea.

— Vikombe ni vile vile, akasema Bi Birika haraka kidogo. Makoo ndiyo yamepanuka.

— Hapana, mama. Vimenywea. Nakumbuka kidole changu kilikuwa kinapita kwenye mkono wa kikombe. Leo hakipiti.

— Kidole kimenenepa.

— Kidole changu kimedogoshwa kama vyote. Kikombe ndicho kimezidi kunywea.

Kahawa ya pili ilimrudishia Tufani nguvu. Akasimama tena, safari hii bila kupewa nafasi, akaanza kumtungia Kawaida hotuba, na kila sentensi ikapanda juu ya mgongo wa iliyotangulia. Mke wa Kawaida alisoma usiku hadi taa ikaomba mapumziko. Mtihani ulipomwona ulijifunga wenyewe. Wasahihishaji walilia, mmoja akaacha kazi akaenda kulima. Mwalimu naye akashika moto, akawa anamtupia maneno: ongeza "adhimu", ongeza "lukuki", hapo weka "isiyo kifani". Walipofika mahali ambapo shemeji yao anashika jengo zima kwa mkono wa kushoto ili mafundi wapige lipu chini yake, hata Bi Birika alikuwa anapiga kijiko kwenye birika kwa mapigo.

Kawaida alijaribu. Midomo yake ilifuata, "mtihani... ulijifunga...", lakini sauti yake ilitoka kama ya mtu anayesoma maandishi ya dawa. Aliona picha ya mkewe amesimama mbele za watu, akisikiliza uongo ule mrefu, na usoni pake akaona uso ule ule wa mlangoni. Akashusha buti mapajani.

— Atajua, akasema. Atajua si yangu haya. Mimi naogopa, jamani.

Mapigo ya kijiko yakakoma. Hakuna mtu aliyewahi kusema neno hilo kwenye benchi lile. Walikuwa na "moyo kidogo", walikuwa na "nimeshtuka kiasi". Kuogopa kwenyewe, kumesimama peke yake hivyo, hawakukuzoea.

Ndipo akafika msoma mita wa maji. Alikuwa mgeni mtaani, kiatu chake cha kulia kimefunguka mdomo mbele, na kila hatua kilipiga makofi. Akasalimia, akakaa, akavua kiatu akamkabidhi fundi. Bi Birika akainamisha birika, likatoa kikombe kimoja cha mwisho na masalia, akampa.

— Umepata cha mwisho, ndugu yangu. Limeisha.

— Ahsante, mama. Nimewasikia tangu pale kwenye kona. Kuna sherehe?

— Mke wa huyu bwana kapita mtihani, akasema Tufani, ambaye bado alikuwa anahema. Leo mumewe anatoa hotuba. Tunamtafutia maneno tangu mchana.

— Hongera sana, fundi. Mtihani wa nini?

Swali lenyewe lilikuwa la adabu tu. Msoma mita alipuliza kahawa yake, akangoja jibu kama anavyongoja mtu yeyote.

Tufani akamtazama Mwalimu. Mwalimu akamtazama Bi Birika. Bi Birika akamtazama Kawaida, na hakuondoa macho.

— Mambo ya... Kawaida akaanza. Ya stoo, nadhani.

— Alikuambia ni ya stoo?

— Hapana.

— Alikuambia ni ya nini?

— Sikumuuliza, mama.

Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwekwe, watu wazima walikaa juu yake bila hata mmoja kuwa na nadharia. Mchana kutwa walikuwa wamekuza kitu wasichokijua ni kitu gani, sawasawa na walivyokuwa wakidogosha.

Kidole gumba cha Kawaida kilikuwa kinapita kwenye soli ya buti. Kilipita na kurudi mahali pamoja. Alikuwa amepaona asubuhi ile ile. Kisigino kilikuwa kizima na ncha ilikuwa nzima, ila katikati, pale panapobonyea chini ya unyayo, mpira ulikuwa umelika kwa mstari mmoja ulionyooka. Alikuwa ameshika viatu vya mji mzima, na alijua kwamba kutembea hakuli hapo, kusimama hakuli hapo. Hapo panaliwa na chuma cha ngazi, mtu anapopanda na kushuka, anapanda na kushuka, siku zote. Alikuwa ameona mstari ule, akajiambia kawaida tu, akaanza kutafuta gundi.

King'ora kikalia.

Ng'ambo, kreni ikasimama. Mlango wa kile chumba kidogo cha kioo kule juu ukafunguliwa na jamaa wa kreni akatoka. Hawakuwahi kumtazama akishuka, maana king'ora kikilia kila mmoja hukimbilia kusema anakwenda zake. Leo hakuna aliyeondoka. Jamaa akavua kofia ngumu, akafuta uso, na chini ya kofia kulikuwa na kitambaa cha maua makubwa ya zambarau, kitambaa ambacho jana yake Kawaida alikisogeza kwenye kamba ili apate pa kuanika soksi zake. Kisha akageuka kuikabili ngazi, akaanza kushuka, buti zikikanyaga vyuma kwa katikati.

Alishuka kwa muda mrefu. Palikuwa juu kweli.

— Jamaa, akasema Tufani kwa sauti ndogo, ni shemeji.

Kawaida alikuwa ameshasimama. Alivuka barabara na aproni yake, buti mbili kwenye mkono mmoja, na kiatu cha msoma mita kwenye mkono mwingine kwa kusahau. Msoma mita alitaka kumwita, Bi Birika akamshika bega akamketisha.

Mkewe alitoka getini amebeba kofia kwapani. Alimwona, akapunguza mwendo.

— Umepata la kusema?

— Sijapata.

Akatikisa kichwa kidogo, akaanza kumpita.

— Kule juu pakoje? akauliza Kawaida.

Alisimama. Akamtazama usoni, kisha kiatu kigeni kilichokuwa mkononi mwake, kisha usoni tena, akitafuta mzaha ulipo.

— Kawaida tu, akasema.

— Si kawaida. Nimekutazama ukishuka, nikaogopa mimi niliye chini. Nieleze. Pakoje?

Akaihamisha kofia mkono wa pili. Halafu akasema kwamba kunayumba. Kawaida akauliza kunayumbaje, naye akaonyesha kwa kiganja, kidogo, halafu zaidi, halafu akaiweka kofia chini ili apate mikono yote miwili. Akasema siku ya kwanza ya mazoezi, miezi kadhaa kabla ya mtihani huo wa kreni, alilia kule juu, akafuta machozi, akashusha mzigo. Akasema leo alibeba lile tangi. Alieleza hadi mwenzake akatoka kuwaita, watu wamekwisha kaa, na kaka mtu alikuwa ameshapewa kiti cha mbele. Kaka mtu alisikiliza hafla yote akiwa amekaa.

Kesho yake asubuhi Kawaida alifika kijiweni kabla ya sanduku lake kufunguliwa. Msoma mita alikuwa anamngoja na ndala ya kuazima, akakabidhiwa kiatu chake kimeshonwa vizuri na samahani juu yake. Kisha Kawaida akavikusanya vikombe vya jana, vyote, vikiwa vimekaukiana na masalia, akavipanga kwenye karai.

— Unafanya nini? akauliza Bi Birika. Jana sheria ilikuwa imesimama.

— Ilisimama mpaka birika liishe. Mimi nilisema birika likiwa limeshaisha.

— Ulisema nini?

Tufani na Mwalimu wakasogea. Kawaida akaweka karai mapajani.

— Niliwaambia kwamba mke wangu anapitisha tani za mizigo juu ya vichwa vya watu kutwa nzima, na wale watu hawainui macho kutazama. Hawainui kwa sababu wanajua ni yeye aliye juu. Nikawaambia mimi ndiye niliyepaswa kuinua, nimekaa hapa mbele yake miezi yote hii, sikuinua. Basi, nikakaa.

Mwalimu Kinyume alifungua mdomo kutafuta neno la kuliita jambo lile, akaufunga.

— Sasa hapo, akasema Tufani, umekuza nini?

— Sikukuza. Nimelisema lilivyo. Lakini kwa sheria yetu hiyo ni kukuza, kwa hiyo naosha.

Akanyanyua karai, akaelekea bombani. Ng'ambo kreni ilikuwa imeanza kuzunguka. Akasimama katikati ya njia na vikombe vyake, akainua kichwa, akaitazama mpaka Bi Birika akamwita kwamba kuna watu wanataka kahawa.